Ukiulizwa kwenu ni wapi

Mwanangu Somoe,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mtama, mkoani Lindi, hatujambo. Mama yako goti linamsumbua tangu mvua zianze, ila shambani anakwenda na hakatazwi.

Jumapili uliponipigia, yule mwenzako alikuuliza jambo kwa Kijerumani, nawe ukamjibu. Katika maneno yote yale nililoelewa ni moja tu: Dar es Salaam. Sikusema kitu, simu ilikuwa inakula salio lako. Lakini usiku nikalala nalo. Dar umepita kupanda ndege, mwanangu. Kutoka hapo mpaka Lindi ni kilomita 450 hivi. Najua kwa nini ulisema hivyo. Nilipokuwa chuo cha ualimu nami nilificha, maana ukitaja Lindi wenzako walicheka na kukuuliza kama umekuja na korosho.

Sasa nina kazi ya kukupa. Hapo Berlin kuna makumbusho ya viumbe, na ndani yake amesimama dinosaria mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 toka unyayo hadi kichwa. Nenda ukamtazame. Yule ni wa kwetu. Mifupa yake ilitoka Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ilikochimbwa kati ya 1909 na 1913. Punda na ng'ombe wasingeweza kuibeba, mbung'o wangewamaliza njiani, kwa hiyo ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini. Zaidi ya tani 200. Babu yake mama yangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Bibi alitusimulia kwamba walipeana habari kuwa wamebeba majitu ya zamani, na usiku hakuna aliyetaka kulala karibu na mzigo wake.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Aliuelewa ule mfupa kuliko wageni wengi. Mwaka 2007 wataalamu walimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina lililotokana na lake, Australodocus bohetii. Miaka karibu mia, lakini limefika.

Ukisimama pale uhesabu na miaka. Vita vya Majimaji vilianza 1905 Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, watu walipochoka kulimishwa pamba na Wajerumani wakaing'oa. Kinjikitile, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Agosti ya mwaka huohuo. Wamwera wakaingia, Wangindo wakaingia. Wajerumani walipoona risasi hazitoshi wakachoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Vikaisha 1907. Miaka miwili tu baadaye ndipo wakaja kuchimba. Mtu aliyetoka kwenye njaa ile hakatai mzigo wenye ujira, hata ukiwa mzigo wa jitu.

Kilwa Kisiwani unaikumbuka, au unakumbuka kutapika kwenye mashua tu? Ulikuwa na miaka tisa. Msikiti Mkuu uliuona, na jumba la Husuni Kubwa juu ya ukingo wa bahari. Ibn Battuta alifika pale 1331, wakati dhahabu ya Sofala ilipopitia mikononi mwa masultani wa Kilwa. Mwaka 1505 Wareno wakaja na mizinga. Baadaye bandari kubwa ikawa Kivinje, na hapo biashara haikuwa dhahabu tena, ilikuwa watu, wakitembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Kivinje huwa napita haraka.

Mkoa wenyewe ni mkubwa, kilomita za mraba kama 66,000, zaidi ya mara mbili ya Ubelgiji, jirani zenu hapo. Sensa ya 2022 ilituhesabu 1,194,028. Ndiyo maana ukipanda basi la kwenda Liwale unaona miti, miti, halafu kijiji, halafu miti. Ukitaka baridi panda nyanda za juu za Rondo. Ukitaka mikoko shuka Lindi mjini, mto Lukuledi unapoingia baharini, uvuke kwenda Kitunda. Na watu wake: Wamwera, Wamakonde, Wamachinga, Wangindo, Wamatumbi, Wayao. Vijana wanaotembeza bidhaa nchi nzima wanaitwa wamachinga, na sisi tunasema jina hilo limetoka kwetu. Wa kubisha abishe. Sisi Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo kwa haki wewe ni wa mjomba wako, mimi nimelipa ada tu.

Ada ndiyo habari ndefu. Ulipopangiwa kidato cha tano, mnada wa korosho wa ushirika ulikuwa haujaitishwa, na shule ilitaka fedha Jumatatu. Nikauza gunia mbili kwa kangomba, wale walanguzi wa korosho, usiku, kwa bei ya kutupa. Sikuwahi kukwambia. Mama yako alijua, akanyamaza siku tatu.

Barabara nayo ukisimulia huko hawataamini. Enzi zangu tulilala Ndundu tukisubiri kivuko cha Rufiji, wakati mwingine usiku mbili, mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Nachingwea walikuwa na reli ya Waingereza, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Karanga zikagoma, reli ikang'olewa. Gesi ya Songo Songo yenyewe haikusubiri barabara, tangu 2004 inapita ndani ya bomba kwenda kuwasha taa za Dar. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, nilikuwa natoka Dar kupima macho, maji yakakata barabara Somanga. Tulikaa hapo, abiria wa mabasi mengi, tukila muhogo wa kuchoma kwa wenyeji, na mama mmoja akatutandikia mkeka barazani kwake bila kuuliza jina.

Basi nenda. Mpige picha yule mnyama, na wewe mwenyewe uwe ndani ya picha, nataka kuona unamfika wapi. Tazama na kibao chake kimeandikwa nini, kama jina la Lindi lipo. Ukimpata yule mwenzako wa Jumapili nenda naye, akikuuliza tena mwonyeshe.

Mama yako amekaanga korosho, kilo mbili, zipo kwenye kopo la maziwa. Kuna kijana wa Nyangao anasafiri mwezi ujao, nitamkabidhi. Nilitaka kukuwekea na ming'oko, vile viazi vya porini, mama yako amekataa, anasema itaoza uwanja wa ndege.

Baba yako,
Mtama