Nafasi tano za bidhaa hazitoshi ankara

Mhariri,

Mimi ni karani katika duka la jumla la pembejeo hapa Nakuru. Wateja wetu hutoka Njoro, Molo, Subukia na Bahati, na mvua ya Machi ikikaribia foleni hufika nje. Nina neno kwa vijana wanaotuuzia programu za mauzo.

Tuliyoletewa sisi ina skrini moja. Juu kuna jina la mteja na tarehe, chini kuna nafasi tano za bidhaa. Tano, basi. Mkulima akichukua mbolea ya DAP, mbolea ya CAN, mbegu ya mahindi, dawa ya ukungu, dawa ya viwavi, pampu na gambuti, inabidi nimfungulie ankara ya pili. Jioni tajiri akitaka kujua tumehudumia wangapi, kompyuta inahesabu ankara, na mtu mmoja anakuwa wawili. Ukiulizwa CAN imetoka mifuko mingapi wiki hii, unapekua nafasi zote tano, kwa maana inaweza kuwa imeandikwa popote.

Kitabu cha ankara cha karatasi hakikutusumbua hivyo. Mistari ikiisha, unafungua ukurasa mwingine, unarudia nambari ileile na kuendelea.

Kwenye kompyuta dawa yake ni majedwali mawili. La kwanza ni la kichwa cha ankara: nambari, tarehe, mteja. La pili ni la mistari, kila bidhaa na mstari wake, na kila mstari unabeba nambari ya ankara yake. Mistari iwe miwili au arobaini, haidhuru. Si elimu ngeni: Edgar Codd wa IBM alichapisha msingi wake mwaka 1970, na Microsoft Access, programu ya kutunza data iliyoanza kuuzwa 1992, inakuruhusu kuweka fomu ndogo ya mistari ndani ya fomu ya ankara.

Lakini lililonichosha hasa ni bei. Programu yetu haihifadhi bei kwenye mauzo, huichota kwenye orodha ya bidhaa kila unapofungua ankara. Mzee mmoja wa Njoro alikuja kumaliza deni la DAP. Karatasi yake ilisema shilingi 6,500 kwa mfuko, skrini yangu ikasema 7,000, kwa sababu tajiri alikuwa amepandisha bei. Mzee aliniwekea ile karatasi mezani, akaigonga kwa kidole, akaniuliza, "Kijana, hii mhuri si yenu?" Ningemjibu nini? Bei ya siku ya kuuza inapaswa kunakiliwa kwenye mstari ibaki hapo, hata orodha ikibadilika kesho.

Kodi nayo ikae kwenye mstari. Gambuti zina VAT ya asilimia 16, mbolea haina, na zote ziko kwenye ankara moja. Fomu yenye kisanduku kimoja cha kodi pale juu itakugombanisha na KRA, mamlaka ya kodi, hasa sasa ambapo ankara za eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, zinataka kila bidhaa ionyeshwe na kodi yake.

Kisha kuna stima, na Nakuru tunaijua. Ikipotea katikati ya kuandika, kwetu kinabaki kichwa kisicho na mstari hata mmoja, na nambari imeshatumika. Kichwa na mistari vihifadhiwe pamoja, au visihifadhiwe kabisa. Na mtu akijaribu kufuta kichwa chenye mistari, programu imkatalie, la sivyo tutakuwa na mifuko iliyouzwa bila kujulikana kwa nani.

Wiki jana aliyetuuzia alipiga simu. Anataka pesa nyingine ili atuongezee nafasi kutoka tano hadi kumi. Nimemshauri tajiri asitoe hata shilingi.

Karani wa pembejeo,
Nakuru