Barua kwa Mwanangu: Protini ya Kijiko Kidogo

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea ujumbe wako wa jana usiku na nimeusoma mara mbili. Unasema wiki ya kumi imetimia tangu ufanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo, kidonda kimefunga vizuri na nguo zote zinakupwaya, lakini kile kinywaji cha unga wa protini sasa kinakutia kichefuchefu hata kabla hujafungua kopo. Unaniuliza kama unaweza kuachana nacho kabisa. Ndiyo, unaweza, ila si kesho asubuhi, na si kabla hujajua ni chakula gani kitakachoshika nafasi yake.

Kinywaji hicho sikitukani. Katika zile wiki za mwanzo, tumbo lilipokuwa bado limevimba na hakuna kilichopita isipokuwa vitu vya majimaji, ndicho kilichokufikisha hapo ulipo. Lakini daktari ameondoa kati ya robo tatu na asilimia 80 ya mfuko wako wa tumbo, na kilichobaki ni kama bomba jembamba. Kinywaji hupita humo upesi, na haipiti saa nyingi unaanza tena kutafuta cha kula, ilhali samaki au yai hukaa kwa muda na kukuondolea ile hamu ya kutafunatafuna. Kwa hiyo kadiri unavyozidi kunywa chakula chako badala ya kukitafuna, ndivyo unavyojinyima faida ya upasuaji uliouvumilia.

Lengo ambalo watu wengi waliofanyiwa upasuaji wa aina hii hupewa ni gramu 60 za protini kwa siku kwa uchache, na wengine huelekezwa wafike 80. Mtaalamu wako wa lishe akikutajia hesabu nyingine, ifuate yake. Sababu ni kwamba mwili unaopungua kwa kasi hauchomi mafuta peke yake, bali hula na misuli, na asipopewa protini ya kutosha mtu hujikuta amepungua kweli lakini anapanda ngazi kwa kushikilia ukuta. Nywele nazo zitanyonyoka, huenda kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na usitaharuki utakapoziona kwenye kitana, kwani hutokana na mshtuko wa upasuaji na kasi ya kupungua, na kwa kawaida huota tena. Upungufu wa protini ndio unaoweza kuzidisha hali hiyo na kuirefusha.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukusimulia kwa sababu nililionea haya. Mwaka 2017, miezi mitatu baada ya upasuaji wangu mwenyewe, nilipasha moto kipande cha kifua cha kuku kilicholala kwenye friji. Nilikuwa na njaa na haraka, nikamega kama nilivyozoea kumega zamani. Tonge la pili halikushuka. Nilisimama kwenye sinki karibu nusu saa, mkono kifuani, mate yakinijaa mdomoni kama povu, nisiweze kulimeza wala kulitapika. Baada ya siku ile nilichukia nyama, nikarudi kwenye kopo la unga na biskuti. Biskuti, mwanangu, ndizo adui anayecheka nawe: hulainika mdomoni, huteleza bila kubana popote, na unaweza kumaliza pakiti nzima kwa tumbo lisiloweza kupokea vijiko vinne vya kuku. Nilichelewa kutambua kwamba kuku hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa ukavu wake, kule kupashwa moto mara ya pili, na mimi niliyekuwa nikila kana kwamba bado nina tumbo langu la zamani.

Kwa hiyo anza na ulaini. Mimi nilianzia kwa samaki wa nyama nyeupe, na hadi leo ndiye ninayemwamini kuliko nyama yoyote. Mpike kwa mvuke au kwenye mchuzi mwepesi, moto mdogo, hadi nyama yake iachane yenyewe unapoigusa kwa uma. Toa miba yote, mchambue vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha mrudishe kwenye mchuzi wake ili asikauke ukiwa bado unakula, kwa sababu utachukua dakika 20 au zaidi na sahani itapoa. Tumia kijiko cha chai, tafuna hadi usihisi tena punje yoyote ulimini, meza, uweke kijiko mezani ndipo ujaze kingine. Huko kuweka kijiko mezani utakuona ni upuuzi mpaka siku utakapoacha.

Kuku naye atakubali ukimsaga na kumpika kwenye mchuzi, na nyama ya paja ina unyevu kuliko ya kifua. Mayai yakorogwe na maziwa kidogo na kutolewa motoni yakiwa bado yanang'aa. Kama harufu ya yai inakusumbua, jambo linalowapata wengi kwa muda baada ya upasuaji, liache mwezi mmoja ulijaribu tena. Maharage yapikwe yavurugike kabisa, uyaponde. Yana protini kidogo kuliko samaki na hujaza tumbo upesi, hivyo yawe ya pili kwenye sahani.

Waliosema haba na haba hujaza kibaba walikuwa na kibaba kikubwa. Chako sasa ni kidogo, na haba ndiyo hesabu yote. Chukua siku moja kwa mfano. Asubuhi yai moja, gramu 6 za protini. Saa tatu baadaye mtindi mzito uliochujwa maji, gramu 100, unaokupa kama 9. Mchana samaki aliyeiva gramu 60, weka 13. Alasiri kikombe cha maziwa cha mililita 250, ambacho kina 8, na ukikorogea vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga unaongeza kama 5. Jioni kuku wa kusaga gramu 50, weka 13 nyingine, na maharage yaliyopondwa vijiko vitatu vikubwa, gramu 4. Hapo umefika 58, na kipande cha jibini ngumu cha gramu 30 kinakuvusha hadi 65 bila kopo. Pima chakula kikiwa kimeiva, maana nyama mbichi hupoteza maji jikoni na hesabu ya mizani hubadilika. Kama maziwa yanakuletea gesi au kuhara, mtindi na jibini ngumu huvumilika zaidi.

Katika kila mlo anza na hicho chenye protini, kisha mboga, na wanga uwe wa mwisho kama nafasi imebaki. Usinywe maji wakati wa kula, na usubiri nusu saa baadaye. Ukihisi mgandamizo chini ya mfupa wa kifua, au kwikwi ya ghafla, au pua ikianza kutiririka bila mafua, hapo umeshashiba hata kama kijiko kimejaa.

Usidanganywe na supu ya mifupa. Inalainisha chakula vizuri sana, lakini protini yake kwa kawaida ni ndogo, na sehemu kubwa yake ni ile ya kolajeni, protini ya ngozi, mifupa na kano, ambayo haina triptofani, mojawapo ya amino asidi 9 (vipande vidogo vinavyojenga protini) ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Pikia nayo, usiihesabu.

Punguza kopo hatua kwa hatua. Kama sasa unakunywa mara mbili kwa siku, ondoa kimoja, andika kila ulichokula kwa wiki moja, na kama jumla haijashuka chini ya 60 ondoa na cha pili. Kopo lenyewe libaki kabatini kwa siku za homa au safari. Vidonge vya vitamini havihusiani na mabadiliko haya, endelea navyo kama ulivyoelekezwa. Lakini ukitapika siku mbili mfululizo, au miguu ikianza kuvimba, usiniandikie mimi. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Mizani yangu ya jikoni nimeifunga pamoja na barua hii, na vijiko viwili vidogo vya mtoto nilivyovitumia mwenyewe. Betri nimebadilisha. Ukibonyeza kitufe cha kushoto baada ya kuweka bakuli, itarudi kwenye sifuri. Niandikie Jumapili ulichokula wiki nzima, hata siku zile zilizokuharibikia.

Ni mimi mama yako,
nikupendaye.