Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: watafiti wa mifugo warudi na majibu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu wa sayansi ya wanyama haingii zizini kwangu hapa Muheza bila barua. Chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaiandikia wilaya, wilaya inamwandikia mtendaji wa kijiji, naye mtendaji ananipigia simu nisimpeleke ng'ombe malishoni. Naomba barua hiyo ya ofisi yako iongezwe sharti moja.

Vijana hawa tunawapokea vizuri, maana wana adabu. Wanajaza madodoso mpaka jua linakuwa kali, wanakagua kiwele, wanachukua damu na kichupa cha maziwa, wanashukuru, wanaondoka. Basi. Majibu yanaandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa chuoni. Kama damu ile ilikuwa na vijidudu vya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, mwenye ng'ombe hakuambiwa.

Sisemi elimu hiyo haina faida. Mkoa huu una chuo cha mifugo Buhuri, una kituo cha TALIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, na una wataalamu wa mbung'o ambao kazi yao inajulikana duniani. Mbung'o walizalishwa kwa wingi hapa Tanga, madume yakahasiwa kwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Wenzetu wa ng'ambo wakapona nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, kwa sayansi iliyotoka kwetu. Lakini Ranchi ya Mkwaja, upande wetu wa bahari, ilihangaika na mbung'o miaka na miaka, ikafungwa mwaka 2000, na leo eneo lake limo ndani ya Hifadhi ya Saadani.

Ninachotaka ni maswali ya utafiti yatoke vituo vya kukusanyia maziwa. Chukua malisho. Masika mabingobingo, yaani majani ya tembo, yanatushinda kukata. Ikifika Januari tunagombania mabua ya mahindi, na pumba imepanda bei. Maziwa yanapungua wakati ule ule kiwanda kinayahitaji. Wakati huo huo mkoa umejaa mkonge, na kila mwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, anajua kwamba singa, yaani nyuzi, ni sehemu ndogo sana ya jani. Kinachobaki ni mlima wa mabaki yenye maji. Pale Hale yamewahi kutumika kuzalisha umeme. Ng'ombe chotara anayekamuliwa ale kiasi gani cha mabaki hayo? Yavundikwe vipi yasioze? Yachanganywe na mashudu gani, na je, maziwa yatabaki na mafuta ya kutosha? Hiyo ni kazi ya miaka miwili ya mwanafunzi wa uzamili, na mazizi ya majaribio hatakosa. Wafugaji wengine watakuwa na maswali yao: mitamba inayochelewa kushika mimba, mhimilishaji, yaani mpandishaji wa ng'ombe kwa mrija, anayefika joto la ng'ombe limeshapita, maziwa ya jioni yasiyo na mnunuzi.

Sharti lenyewe ni hili: anayepewa kibali cha kutafiti mifugo yetu aahidi kwa maandishi kurudi kwenye kituo cha maziwa cha eneo alilofanyia kazi, aeleze kwa Kiswahili alichokuta, na amwachie afisa mifugo wa kata kurasa mbili. Asiyerudi, chuo chake kiulizwe kabla mwenzake hajapewa kibali kingine.

Najua nitaambiwa wanafunzi hawana nauli. Ni kweli, wengi wanajibana. Ndiyo maana sharti lijulikane mapema, safari ya kurudi iingie kwenye bajeti ya utafiti pamoja na vichupa na dawa za maabara. Ukumbi si tatizo. Vyama vyetu vya ushirika vina mikutano, na mwanafunzi anaweza kupewa nusu saa kabla ya hesabu za malipo, wakati kila mtu bado yupo.

Orodha ya maswali tunaweza kuileta ofisini kwako kupitia vyama hivyo. Tunasubiri kuambiwa tumkabidhi nani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Muheza