Simu iwe ubavuni: kuandaa chumba kwa darasa la Pilates mtandaoni

Mteja wetu mpya, dada mmoja wa Bamburi, Mombasa, alinilalamikia baada ya darasa la pili kuwa Pilates, haya mazoezi yetu ya kuimarisha tumbo na mgongo, imemuumiza shingo. Nikamwomba anipigie picha ya chumba vile vile kilivyokuwa. Kumbe simu alikuwa ameiegemeza kwenye chupa ya maji, mbele ya nyayo zake. Kila nikieleza zoezi, yeye kalala chali anainua kichwa achungulie. Dakika arobaini na tano! Shingo itakosaje kuuma? Nami muda wote huo nilikuwa nikitazama visigino tu.

Kosa ni langu, sikumwambia mapema. Nyinyi nawaambia leo.

Mtandaoni siwezi kuja kukugusa mgongo nikakuonyesha pa kukaza. Jicho langu ni simu yako, kwa hivyo anza na simu kabla ya kununua chochote. Iweke ubavuni mwako, ilale kwa upana, kimo cha stuli, hatua tatu hivi kutoka ulipo. Nataka nikuone kutoka utosini hadi kisiginoni. Ukiwa chali, ule mwanya mdogo kati ya kiuno na sakafu ndio unaonieleza kama tumbo linafanya kazi au mgongo ndio unaobebeshwa, na mwanya huo kutoka miguuni hauonekani kabisa. Mama mmoja wa Mji wa Kale huitega simu yake juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na leso chini yake isiteleze. Picha yake ndiyo nzuri kuliko zote darasani. Dirisha nalo lisiwe nyuma yako, utageuka kivuli.

Simu ikishakaa, usiitazame tena. Nitasema kila kitu kwa mdomo. Sikiliza.

Sakafu zetu nyingi ni vigae au saruji, na hapo ndipo watu hukosea. Mkeka wa ukili huteleza. Godoro hudidimia, nyonga ikazama nalo. Mikeka ya yoga inayouzwa sana ina unene wa milimita 4 hadi 6, na kwa kusimama haina neno. Lakini Pilates tunalala na kujiviringisha kama mpira, pingili moja baada ya nyingine, na juu ya kigae utazihesabu pingili zako zote. Tafuta wa milimita 10 hadi 15. Kama bado hujaupata, kunja blanketi juu ya ule mwembamba, si juu ya kigae kitupu.

Nafasi haihitaji kuwa kubwa. Joseph Pilates mwenyewe, Mjerumani aliyezaliwa 1883 na aliyebuni mazoezi haya, alizuiliwa kambini Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na huko aliendelea na mazoezi yake. Lala chali, nyoosha mikono juu ya kichwa, kisha ifungue pande zote mbili. Hukugusa kitu? Basi panatosha. Meza ya kioo ya sebuleni, tafadhali, itoke. Paka pia.

Joto la Kaskazi mnalijua, ndiyo sababu darasa la asubuhi huanza saa kumi na mbili na nusu. Feni ya dari iwashe. Ile ya kusimama usiielekeze kwenye simu, maana mimi husikia upepo mtupu. Ukimaliza, futa mkeka na uuanike kivulini. Ukiuviringisha na jasho lake kwa unyevu huu wa pwani, utaufungua umeota ukungu.

Madarasa yetu ni ya wanawake peke yao na hayarekodiwi, lakini kwako funga pazia na uwaambie wa nyumbani wabishe kabla ya kuingia. Dera naomba uliache kando. Linaficha magoti na nyonga, halafu linakunasa miguuni. Vaa fulana na suruali inayoshika mwili kidogo, leso iwe karibu, mlango ukibishwa unajitanda.

Bando: saa moja ya video inaweza kula giga moja au zaidi, kulingana na ubora wa picha. Wenye waifai, jueni stima ikipotea nayo imekwenda, basi simu iwe na chaji na bando kidogo la akiba.

Kabla ya darasa lako la kwanza tunakupigia simu ya video ya dakika kumi, bila malipo. Unatuonyesha chumba, tunakwambia sogeza hiki, geuza kile. Mjamzito, aliyejifungua karibuni au mwenye tatizo la mgongo aongee na daktari wake kwanza, kisha atwambie.

Yule dada wa Bamburi aliihamisha simu. Darasa la tatu ndipo nilipomwona sawasawa: kila akiinua miguu, tumbo linajaa kama puto. Alikuwa akibana pumzi tangu siku ya kwanza.