YAH: Kukataa ankara ya swichi ambayo haikuwa na kosa

Msimamizi wa Mifumo,
Ofisi ya Uwakala wa Forodha,
Chumbageni, Tanga.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatatu asubuhi wafanyakazi wetu 14 walifungua kompyuta vizuri, ila folda ya hati za mizigo ikawakatalia wote. Ijumaa jioni ilikuwa inafunguka na hakuna aliyegusa kitu. Tuna mkataba wa matengenezo nanyi, nikawapigia saa 2:15, madereva watatu wamekaa kwenye benchi wakisubiri karatasi za kwenda nazo bandarini.

Fundi wenu alifika saa tano. Kwanza akaamuru watu wote wabadili maneno ya siri. Wakabadili, hali ileile. Akachomoa nyaya, akazirudisha, akasema swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta zetu kwenye mtandao, imechoka. Nikamweleza kwamba folda hiyohiyo ukiiita kwa anwani ya IP (namba ya seva kwenye mtandao) inafunguka, ukiiita kwa jina la seva, yaani kompyuta inayoitunza, inagoma. Swichi ingekuwa mbovu, njia zote mbili zingekufa. Akajibu "sawa sawa", akafunga swichi mpya ya poti 24, akaondoka bila kujaribu kama folda inafunguka. Haikufunguka. Najua Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini sikudhani ndiyo sera ya kampuni yenu.

Usiku nikakaa mwenyewe na logi, yaani kumbukumbu za matukio, za seva ya mafaili. Mstari ulikuwa pale, unajirudia kila mtu alipojaribu kuingia: tofauti ya saa imezidi kiwango. Nikaweka simu kando ya skrini. Simu 21:48, seva 21:42. Tiketi ya Kerberos, mfumo ambao Windows hutumia kuthibitisha watumiaji, hubeba muda ndani yake, na kwa mpangilio wa kawaida tofauti ikipita dakika 5 inakataliwa, hata neno la siri liwe sahihi namna gani. Ukiita seva kwa IP, Windows kwa kawaida huiacha Kerberos na kutumia NTLM, njia ya zamani isiyobana saa namna hiyo. Ndiyo maana ilipita.

Panaponiuma ni hapa. Kwenye faiwoli, ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao, nilikuta kanuni inayofunga UDP 123, poti (njia ya mawasiliano) ambayo seva ya mafaili huulizia saa kwa seva ya domeni, ile inayosimamia watumiaji wote. Kanuni hiyo iliwekwa wiki 8 nyuma, siku fundi huyohuyo alipokuja kwa matengenezo ya robo mwaka. Tangu hapo seva imekuwa ikichelewa sekunde sita hivi kwa siku, kimyakimya, mpaka ikavuka kiwango. Nikafungua poti, nikailazimisha seva ivute saa upya, folda ikafunguka. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Kwa hiyo ankara yenu ya shilingi 1,450,000 hatulipi. Swichi ya zamani nimeirudisha mahali pake na inafanya kazi. Yenu iko ndani ya boksi lake. Nataka pia orodha ya maandishi ya kila kilichobadilishwa kwenye faiwoli siku ile, maana hatukuachiwa hata karatasi moja, na sijui ni nini kingine kinachochelewa polepole. Nawapa siku 7. Zikipita, suala la mkataba nitalifikisha kwa mkurugenzi wetu.

Nipo ofisini siku za kazi hadi saa 11 jioni. Mtakayemtuma aje na hati ya kupokelea swichi.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa Mifumo