Mdai asiwe hakimu wa deni lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie mamlaka ambayo taasisi za serikali zinazidi kupewa: kumtoza mwananchi faini, kumhesabia deni na kulichukua deni hilo bila hakimu yeyote kulitazama.

Kila mjadala wa mapato ya serikali unapofufuka, hakosi mtu wa kupendekeza kwamba taasisi za umma ziongezewe meno. Hoja yao inaeleweka. Mahakama zina mrundikano wa mashauri, wadaiwa sugu wanajificha nyuma ya mawakili, na fedha za umma zinazidi kupotea. Basi, wanasema, mamlaka za kodi, halmashauri za miji, bodi za mikopo na wasimamizi wa masoko ya fedha waamue wenyewe nani kakosa na alipe kiasi gani, na asipolipa wazifuate fedha zake benki au kwenye mshahara. Naipinga hoja hiyo, na naipinga huku nikiamini kabisa kwamba deni halali la umma lazima lilipwe.

Tutazame mambo yanavyokwenda. Mtu binafsi akikudai hana njia ya mkato. Atafungua shauri, utapelekewa wito, utajibu, naye ataleta ushahidi wake mbele yako. Hata akishinda, bado ataomba kukazia hukumu ndipo dalali aruhusiwe kugusa mali yako. Taasisi yenye mamlaka ya kujikusanyia inaziruka hatua zote hizo. Ofisa anafungua jalada, anakokotoa deni, anajumlisha adhabu na riba, kisha anatoa notisi. Notisi hiyo ina namba ya kumbukumbu, jumla ya fedha na tarehe ya mwisho ya kulipa. Hesabu ya kuonyesha jumla hiyo imetoka wapi, mara nyingi huikuti. Ikitumwa kwenye anwani uliyoihama, siku zinahesabika vilevile. Siku zikiisha, benki inaandikiwa izuie akaunti, na benki haina sababu ya kukutetea, kwa kuwa ikikaidi itabanwa yenyewe. Wewe unajua habari siku kadi inapokataa. Ndipo uanze kuitafuta haki yako, huku fedha ya kumlipa wakili ndiyo hiyohiyo iliyoshikwa.

Wanaotetea utaratibu huu husema kwamba mlango wa rufaa uko wazi. Jibu langu ni Australia.

Kuanzia mwaka 2015 serikali ya nchi hiyo iliendesha mpango uliokuja kujulikana kama Robodebt, wa kuwadai watu waliowahi kupokea ruzuku za ustawi wa jamii. Kompyuta ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi, ikakigawa kwa 26, yaani idadi ya vipindi vya wiki mbili katika mwaka, kisha ikalinganisha wastani huo na kile mtu alichoripoti alipokuwa akipokea ruzuku. Mchukue mtu aliyekaa miezi sita bila kazi, akapokea ruzuku kihalali, kisha akapata ajira miezi sita iliyofuata. Ukiugawa mshahara wake kwa mwaka mzima, ataonekana alikuwa na kipato hata ile miezi aliyokuwa hana kitu. Mashine ikamwita mdaiwa. Yeye ndiye aliyetakiwa kutafuta hati za mishahara za miaka iliyopita, pengine kutoka kwa mwajiri aliyekwishafunga biashara, ili athibitishe kwamba hadaiwi. Aliyeshindwa alikabidhiwa kwa kampuni za kukusanya madeni. Wengine walikuta marejesho yao ya kodi yamechukuliwa kabla hayajawafikia.

Sasa tuje kwenye hiyo rufaa. Waliokata rufaa kwenye baraza la kupitia maamuzi ya serikali walikuwepo, na tangu mwaka 2017 baadhi yao walishinda: baraza lilisema wazi kwamba wastani wa namna hiyo hauthibitishi deni. Wizara iliyoendesha mpango haikuyapinga maamuzi hayo mbele zaidi. Haikuyafuata pia. Iliwafutia walioshinda na kuendelea kuwadai wasiokata rufaa, na kwa kuwa maamuzi ya ngazi ile hayakuwa yakitangazwa, umma haukujua. Ilibidi shauri lifike Mahakama ya Shirikisho, na Novemba 2019 serikali ikakubali kwamba deni lililokuwa likibishaniwa halikuwa na msingi wa kisheria. Mwaka uliofuata ilitangaza kurejesha dola milioni 721 za nchi hiyo kwa madeni 470,000. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Catherine Holmes, jaji mkuu mstaafu wa Queensland, ilitoa ripoti Julai 2023 na kuuita mpango ule wa kikatili, usio wa haki wala halali. Tume ilisikiliza pia familia za watu waliojiua baada ya kudaiwa.

Kwa hiyo rufaa humsaidia anayeikata, basi. Mgonjwa, mtu asiyejua sheria, mama anayeogopa bahasha yenye nembo ya serikali, yule anayedhani kompyuta haikosei, wote hao wanalipa kimya kimya. Na taasisi inajua kwamba walio wengi watalipa. Pasipo mtu huru wa kuuliza "hesabu yako iko wapi?" kabla fedha haijachukuliwa, kosa moja la mtaalamu wa mfumo linageuka madeni laki kadhaa kwa mpigo mmoja. Zamani ofisa aliyekosea alimkosea mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana nasema haja ya jicho la mahakama imeongezeka tangu kompyuta zishike kazi hii, wala haijapungua.

Sitaki nieleweke kwamba hakimu ni dawa ya kila kitu. Uholanzi mamlaka ya kodi iliwaandama maelfu ya wazazi waliokuwa wakipokea ruzuku ya malezi ya watoto. Upungufu mdogo kwenye fomu au kwenye mchango wa mzazi ulitosha kumfanya arudishe ruzuku ya mwaka mzima, na wengine walidaiwa makumi ya maelfu ya yuro. Wazazi walikwenda mahakamani. Kwa miaka mingi chombo cha juu cha mashauri ya kiutawala kiliikubali tafsiri ya mamlaka kwamba sheria inadai yote au hakuna, na hakikubadili msimamo hadi Oktoba 2019. Kamati ya bunge iliyoripoti Desemba 2020 iliwalaumu watunga sheria, watendaji na majaji pia, na Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu. Hakimu anayeamini kila karatasi ya serikali hana faida kwa mwananchi. Lazima apewe uwezo wa kuuliza kama adhabu inalingana na kosa, na sheria isimfunge mikono.

Suala la ulinganifu huo ni la zamani sana. Magna Carta, hati ya haki ambayo mfalme wa Uingereza aliikubali mwaka 1215, ilikwisha kuagiza kwamba mtu huru asitozwe faini isipokuwa kwa kadiri ya kosa lake, tena kwa namna isiyomnyang'anya riziki: mfanyabiashara abaki na bidhaa zake, mkulima abaki na zana zake, na kiwango kipangwe kwa kiapo cha watu waaminifu wa eneo husika. Mfalme hakuachiwa apange peke yake faini itakayoingia kwenye hazina yake. Leo tunao wakala wa serikali ambao faini wanazotoza huingizwa kwenye bajeti zao wenyewe, au wakurugenzi wao hupimwa kwa kiasi kilichokusanywa. Hiyo ndiyo kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Marekani imelibishania jambo hili hadi juu kabisa. Tume ya kusimamia masoko ya hisa ilikuwa ikimshtaki mtu mbele ya majaji wa tume hiyohiyo, na rufaa ya kwanza ikawa kwa makamishna walewale walioidhinisha mashtaka. Juni 2024, katika shauri la Jarkesy lililohusu faini ya dola 300,000, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba anayedaiwa faini ya udanganyifu wa hisa ana haki ya kusikilizwa mahakamani mbele ya jopo la wananchi. Kwa maoni yangu jopo si lazima. Hakimu huru anatosha. Lakini nchi hiyohiyo bado ina pengo linalonishangaza. Mwaka 1969 mahakama hiyo ilikataza mdai binafsi kuzuia mshahara wa mtu kabla hajapewa taarifa na kusikilizwa. Wizara ya elimu, kwa upande wake, imepewa na sheria uwezo wa kukata hadi asilimia 15 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima kwa aliyeshindwa kulipa mkopo wa masomo, bila amri ya mahakama. Mshahara ni uleule, na kodi ya nyumba inayousubiri ni ileile.

Kuna hoja moja nzito ya upande wa pili. Afrika Kusini wanaiita "lipa kwanza, bisha baadaye", na Mahakama ya Katiba iliikubali mwaka 2000 katika shauri la Metcash lililohusu kodi ya ongezeko la thamani. Mfanyabiashara anayekusanya kodi hiyo amekwisha kuipokea kwa wateja, na akiruhusiwa kuishikilia kwa kubisha tu, kila mtu atabisha. Nakubali, kwa kodi ya namna hiyo. Ila faini ni kitu kingine. Faini haikuwahi kuwa fedha ya serikali. Ni adhabu, na kumwadhibu mtu kwanza kisha ukamsikiliza baadaye hakuna mantiki ya mapato inayoweza kukuhalalisha. Kadhalika deni linalotokana na kukisia: anayekisia ndiye athibitishe.

Je, mahakama zitaziweza faini zote, hata za kuegesha gari vibaya? Ujerumani wanaweza. Kule ofisi ya utawala ndiyo inayotoza faini ndogo za barabarani, na wengi hulipa bila ubishi. Asiyekubali ana wiki mbili za kuandika pingamizi, na halazimiki hata kutoa sababu. Ofisi isipobadili uamuzi, jalada linapitia kwa mwendesha mashtaka hadi kwa hakimu wa mahakama ya chini. Muda wote huo faini haikusanywi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Öztürk la mwaka 1984, ilisema utaratibu kama huo unakubalika mradi mtu aweze kulipeleka suala lake kwenye mahakama kamili. Mashauri yanayomfikia hakimu ni yale yanayobishaniwa tu.

Hata Uingereza, iliyoipa mamlaka yake ya kodi uwezo wa kuchukua fedha benki moja kwa moja mwaka 2015, ililazimika kuongeza kinga baada ya kelele kubwa za umma. Deni lazima lifikie pauni 1,000, mdaiwa atembelewe ana kwa ana, abakiziwe angalau pauni 5,000, na apewe siku 30 za kupinga fedha zikiwa bado ndani ya akaunti yake, pamoja na haki ya kwenda mahakamani. Bado kwangu haitoshi, kwa sababu asiyepinga anachukuliwa bila hakimu kuona chochote. Lakini mpango wa awali haukuwa na baadhi ya kinga hizo, kama ziara ya ana kwa ana na haki ya kwenda mahakamani, na kelele za umma ndizo zilizozileta.

Ninachowaomba watunga sheria wetu na wa kwingineko ni hiki. Taasisi iendelee kutoza na kudai, lakini, ukiacha kodi ya namna ile ya ongezeko la thamani, pingamizi likiwasilishwa ukusanyaji usimame hadi hakimu aamue, bila mwananchi kutakiwa kuweka dhamana. Kugusa mshahara au akaunti ya mtu kuhitaji amri ya mahakama hata pale asipopinga, na ombi la amri hiyo liambatane na hesabu nzima na jina la ofisa aliyeikokotoa, si jina la mfumo. Uamuzi wa baraza ukionyesha kwamba njia ya kukokotoa ni batili, afutiwe deni kila aliyedaiwa kwa njia hiyo, awe alikata rufaa au hakukata. Na fedha iliyochukuliwa kimakosa irudishwe na riba kwa kiwango kilekile wanachomtoza mwananchi anayechelewa kulipa.

Wako,
Msomaji wako wa siku nyingi