Nyumba "za nafuu" zisizo na nafuu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu kodi za nyumba hapa Newham, mashariki mwa London, ambako baadhi yetu wasemaji wa Kiswahili tumeweka makazi. Tuliambiwa Olimpiki ya 2012 ingetuinua. Kweli, maghorofa yameota Stratford, na reli ya Elizabeth ilipofunguliwa mwaka 2022 madalali wa Forest Gate na Manor Park wakapata la kutangaza. Kodi nazo zikapanda.

Kinachoniuma ni hilo neno "nafuu". Tangu 2011, nyumba ya kupangisha inaweza kuitwa ya nafuu hata ikitozwa asilimia 80 ya bei ya soko. Asilimia 80 ya bei isiyoshikika bado haishikiki! Jirani yangu, mama anayesafisha maofisi usiku, analala chumba kimoja na wanawe watatu. Mabegi ya shule yananing'inia mlangoni, sufuria ziko uvunguni mwa kitanda.

Diwani atakayekuja kuniomba kura aniambie jambo moja: ni nyumba ngapi za halmashauri, zenye kodi ya chini kabisa, zitajengwa katika kata yetu?

Mpangaji,
Forest Gate, London